Muulize Kepteni: Logibuku yangu imechakaa, niandike nyingine?

SWALI: Shikamoo kepteni. Mimi ni rubani wa Caravan, ile ndege ndogo ya injini moja, hapa Arusha, nina masaa 1,140 hivi na logibuku, kile kitabu cha kuandikia safari zangu, ni ile ile moja toka niko shule. Hali yake inatia aibu kwakweli. Mgongo umeachia, kurasa za mwanzo kama kumi zinatoka zenyewe, jalada linanuka mafuta maana kuna siku nilitia kikombe cha kukagulia mafuta kwenye begi kikiwa hakijakauka, alafu ndani kuna chai na tipeksi ya kutosha. Mwezi ujao nina intavyuu ya kampuni yenye ATR, ndege kubwa zaidi za injini mbili. Nimeshanunua logibuku mpya ya jalada gumu na nataka wikiendi mbili hizi niinakili yote kwa mwandiko mmoja mzuri, ya zamani niitupe. Rafiki yangu mmoja anasema poa tu, mwingine ananitisha ati nitanyang'anywa leseni. Nifanyeje?
Rubani wa Caravan, Arusha

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza weka hiyo peni chini, alafu hiyo ya zamani itoe kabisa karibu na ndoo ya taka kabla dada wa kazi hajakusaidia.

Nikwambie mambo yanavyokuwa upande wa pili wa meza. Mimi nimekaa kwenye hizo intavyuu miaka kadhaa, unaletewa kitabu, unakifungua, unaona miaka mitano yote imeandikwa kwa wino mmoja, mwandiko mmoja, peni imekandamizwa sawasawa kuanzia somo la kwanza la kurusha Cessna 172 mpaka safari ya juzi ya Seronera, hakuna doa, hakuna kosa hata moja. Mtu wa kawaida atasema kijana msafi. Sisi tunaangaliana. Wazee walikuwa na utani wao, masaa ya Parker, yaani masaa yaliyorushwa na kalamu ya Parker siyo na ndege, na kitabu kilichonakiliwa chote kinafanana na hayo masaa hata kama umeyaruka kihalali kila dakika. Kitabu chenye chai, chenye jasho, wino wa bluu mwezi huu na mweusi mwezi ujao kwa sababu peni iliisha ukiwa Ndutu, kile kinajieleza chenyewe.

Na kuna kitu kikubwa kuliko muonekano, nacho ni saini. Hizo kurasa kumi zinazotoka ndizo zenye saini ya instrakta wako siku ya solo ya kwanza, uliporuka peke yako, saini ya mtahini wa leseni, muhuri wa shule. Utazinakili vipi? Utamsainia? Hapo ndipo huyo rafiki yako wa pili anapokuwa na hoja, ukiiga saini ya mtu hiyo siyo usafi tena. Na ukiiacha wazi basi umebaki na kitabu kizuri kisicho na ushahidi. Mainstrakta wanahama bwana, mmoja yuko Ghuba, mwingine ameacha kuruka, mwingine ametangulia mbele ya haki. Ile karatasi iliyoachia ndiyo shahidi wako pekee.

Alafu piga hesabu ya kazi yenyewe. Masaa 1,140 kwa safari zetu hizi za kuruka na kutua, kuruka na kutua, hiyo ni mistari elfu moja mia tano hivi au zaidi, kila mstari visanduku kama kumi na mbili. Visanduku elfu kumi na nane kwa wikiendi mbili! Utakosea, siyo labda. Na kosa la kunakili ni baya kuliko tipeksi kwa sababu sasa vitabu viwili vinabishana.

Kwa hiyo kitabu kipya kitumie, ila kama kitabu namba 2. Nenda kwenye mstari wa mwisho ulioandika kwenye cha zamani, jumlisha kila safu kivyake, injini moja mchana, injini moja usiku, kama rubani mkuu, kama mwanafunzi, instrumenti (kuruka kwa kutegemea vyombo bila kuona nje), idadi ya kutua, zote. Chini yake andika kwamba kitabu kimefungwa tarehe fulani kwa jumla hizo, piga mstari wa mshazari kwenye nafasi iliyobaki, saini. Kitabu kipya, ukurasa wa kwanza, ile nafasi ya jumla zilizoletwa toka nyuma unajaza tarakimu zile zile na kuandika zimetoka kitabu namba 1. Mpelekee rubani mkuu wa kampuni yenu avione vyote viwili kwa pamoja, asaini na kugonga muhuri pande zote mbili. Siku ya intavyuu nenda navyo vyote. Kama una wasiwasi zaidi pita ofisi ya leseni ya TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, uwaonyeshe kabla hujafunga, watakwambia wao wanataka maneno gani yaandikwe.

Ila kabla ya kufunga jumlisha upya kutoka ukurasa wa kwanza, usiamini jumla zako za zamani. Nasema hivi kwa aibu. Mimi mwenyewe kwenye kitabu changu cha kwanza niligeuza ukurasa usiku nimechoka, nilitakiwa kuandika 214.6 nikaandika 241.6, tarakimu mbili zikabadilishana viti, nikatembea na masaa 27 ambayo sikuwahi kuyaruka kwa miaka sita. Sita! Nimeyagundua ninapojiandaa kuomba ATPL, ile leseni ya juu kabisa ya urubani, jumla ya kitabu na jumla ya kikokotoo hazionani. Mke wangu alikuwa mhasibu, akaniuliza tofauti ni ngapi, nikasema 27, akasema inagawanyika kwa tisa, tafuta mahali ulipogeuza namba. Dakika kumi tukaipata. Hiyo mbinu ya wahasibu iweke kichwani, tofauti ikigawanyika kwa 9 bila mabaki mara nyingi ni tarakimu mbili zimepishana.

Sikufuta kurasa zote za miaka sita. Nilitia mstari mmoja wa marekebisho, toa 27.0, kosa la kuhamisha jumla ukurasa wa 17, tarehe, saini, nikaenda nao mwenyewe kabla sijaulizwa. Yule ofisa alicheka tu akaendelea. Ningesubiri wagundue wao nadhani asingecheka.

Tipeksi usiikwangue. Kila mahali ilipo, kwenye safu ya maelezo andika tarakimu sahihi ni ngapi na umeitoa wapi, mfano kwenye teki logi (daftari la kumbukumbu la ndege yenyewe), tia saini na tarehe ya leo, siyo tarehe ya siku ile. Kuanzia sasa ukikosea piga mstari mmoja juu ya kosa, kosa lisomeke, andika sahihi pembeni, vifupi vya jina. Basi. Tipeksi inaficha, na kinachofichwa ndicho kinachoulizwa.

Sasa ufundi wa kitabu chenyewe maana najua ndio ulichotaka. Kwanza kabisa kabla hujagusa kitu, piga picha kila ukurasa kwa mpangilio hata zile zilizotoka, mchana karibu na dirisha, flashi izime. Harufu ya mafuta usihangaike nayo sana, Jet A-1 ni ndugu yake mafuta ya taa, inaondoka yenyewe taratibu. Kisimamishe kitabu kikiwa kimefunguka kidogo kwenye chumba chenye hewa, kurasa zenye doa ziwekee tishu nyeupe katikati na uzito mwepesi juu, badilisha tishu. Usifute kwa spiriti wala petroli, wino wa peni ya kawaida unayeyuka mle utabaki na ukurasa wa zambarau. Na kama uliandika kwa peni za jeli basi na maji pia usiyasogeze.

Karatasi zilizotoka usizibandike na selotepu. Najua iko hapo mezani. Selotepu baada ya miaka michache inageuka njano, gundi inatambaa kwenye maandishi, na siku ukiivuta inaondoka na saini ya instrakta. Chukua ile gundi nyeupe ya maji, paka mstari mwembamba kama milimita tatu tu kwenye ukingo wa ndani wa karatasi, irudishe mahali pake ikae sawasawa na karatasi jirani, tia kipande cha nailoni pande zote mbili isije ikagandisha kurasa nyingine, funga kitabu, weka matofali mawili au kamusi juu, lala. Karatasi moja moja kwa usiku mmoja, usiwe na haraka.

Mgongo mpelekee fundi anayejalidi vitabu, ila chagua fundi. Wengi wa hawa walioko karibu na vyuo kazi yao ni kujalidi tasnifu za wanafunzi, wanachukua karatasi, wanatoboa pembeni na drili, wanashona kwa uzi, wanapaka gundi, alafu wanapitisha kwenye mashine ya kukata kingo zote zilingane. Rafiki yangu mmoja alipeleka logibuku yake kwa mtindo huo, akarudishiwa kitu kizuriii, jalada jeusi maandishi ya dhahabu, anafungua ndani safu ya tarehe imemezwa na mshono kurasa zote na upande wa pili mashine imekula safu ya maelezo. Miaka tisa ya kuruka bila tarehe. Kwa hiyo mwambie fundi mbele yake na umwandikie kwenye karatasi: usitoboe, usikate kingo, badilisha mgongo na jalada tu. Akikwambia haiwezekani chukua kitabu chako uondoke. Usimwachie usiku.

Mwisho kwako, hiyo intavyuu. Mambo ya doa yasikunyime usingizi, hesabu safu ya usiku na safu ya instrumenti. Kwa viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kufika ATPL unahitaji masaa 1,500, ndani yake 100 ya usiku na 75 ya instrumenti, na sisi wa mbugani kuruka kwetu ni mchana jua likiwaka maana viwanja vingi kule havina taa, unakuta mtu ana masaa 1,400 na usiku ana 22. Hapo ndipo watakapokuuliza maswali.

SWALI: Mambo mzee. Niko uwanja wa Wilson hapa Nairobi, ni first officer, yaani rubani msaidizi. Mimi logibuku yangu iko sawa lakini nimeamua kuitoa yote niiweke kwa Excel ndio nisiwahi kuipoteza. Sasa nimeingiza kama flaiti mia tatu na kitu, nikipiga jumla inaniambia 11:40! Na kuna zingine niliandika saa za hapa nyumbani, zingine Zulu, ile saa ya kimataifa (UTC), nikiziangalia sahii sijui gani ni gani. Nisaidie bana, karibu nirushe laptopu.

JIBU: Usirushe, hiyo laptopu haina kosa. Excel inadhani unaisomea saa ya ukutani, ikifika 24 inaanza upya sifuri. Bonyeza hicho kisanduku cha jumla, nenda kwenye mpangilio wa namba, chagua wa kujiandikia mwenyewe, weka [h]:mm na hayo mabano ya mraba usiyasahau. Utaona 347:40 au namba yoyote ambayo ukitoa mafungu ya 24 inabaki 11:40.

Kingine ambacho hujauliza ila nina uhakika kipo mle, desimali. Wilson kuna ndege zinaandikwa kwa masaa na dakika na nyingine kwa desimali kutegemea kampuni, sasa kijana anaruka saa moja na dakika hamsini anaandika 1.5. Hiyo 1.5 ni saa moja na nusu! Umejinyima dakika 20. Dakika 6 ndiyo 0.1, kwa hiyo saa moja na dakika 50 ni 1.8. Pitia mistari yote ya mwaka wako wa kwanza kazini, pale ndipo makosa yanapolala, na linganisha na teki logi usikisie.

Kuhusu saa, pole sana, sisi Waswahili tuna mzigo wa ziada maana tuna saa za aina tatu kichwani. Unaondoka saa tatu asubuhi, saa ya ukutani inasema 9, Zulu inasema 0600. Mimi nilikuwa nafanya hivi, asubuhi ukiwa na saa ya Kiswahili ongeza tatu unapata Zulu, saa ya ukutani toa tatu. Chagua moja kwa Excel nzima, ningekushauri Zulu. Mistari yenye utata utaitambua kirahisi, Wilson kwa kawaida safari za kwanza zinaondoka alfajiri, ukiona uliondoka 0330 na una abiria wa Maasai Mara basi hiyo ni Zulu, ni saa kumi na mbili u nusu. Ukiona 0630, siku ile ile ulitua mara sita na ulimaliza 1800, hiyo pengine ni ya nyumbani, kathibitishe. Cha kuangalia zaidi ni safari za usiku. Hapa kwetu karibu na ikweta jua linazama kama saa kumi na mbili unusu, Zulu 1530, ukisoma 1600 ukadhani ni ya nyumbani utayahamishia masaa yako ya usiku kwenye mchana, na yale ni dhahabu. Alafu kuanzia saa sita usiku mpaka saa tisa usiku, Zulu bado iko jana, tarehe nayo inabadilika.

Na ukishamaliza, kitabu cha karatasi usikichome. Excel haina saini. Kila mwezi chapisha, saini, weka faili, na nakala moja ikae nje ya hiyo laptopu.

SWALI: Shikamoo baba. Mimi si rubani, ni binti wa rubani. Marehemu baba alirusha ndege East African Airways. Tulipohamisha vitu Mombasa tumekuta vitabu vyake viwili vya safari kwenye sanduku chini ya kitanda, vina koga, karatasi zimekuwa kahawia na mistari mingine ameiandika kwa wino mwekundu, mama anadhani ni siku alizopata matatizo. Kaka anataka tuvikate tufanye lamineshi kila ukurasa tugawane watoto wanne. Unasemaje?

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni na Mungu amrehemu mzee. Mwambie kaka aweke mkasi chini, kwa heshima zote. Lamineshi haitoki tena milele, unyevu uliomo unafungiwa ndani na hiyo koga pamoja. Piga picha nzuri, chapisheni nakala nne, hizo ndizo mlaminishe mnavyotaka. Vitabu vikae pamoja kwa mmoja wenu, mnayemwamini hana watoto wadogo.

Koga kavu itoeni nje barazani, upepo ukuelekee mgongoni, vaa barakoa, brashi laini ya rangi isiyowahi kutumika, ukurasa kwa ukurasa kutoka mshononi kuelekea nje. Msivianike juani hata kama bibi anasema, jua linakula wino. Vikikauka viwekeni kwenye boksi la karatasi ngumu, siyo mfuko wa plastiki, kwa joto la Mombasa plastiki inatoa jasho. Tieni vile vipakiti vinavyokuja kwenye viatu vipya, boksi likae kabatini juu, mbali na sakafu na mchwa.

Wino mwekundu mama asihofu. Ni desturi iliyotoka jeshi la anga la Uingereza, safari za usiku ziliandikwa kwa nyekundu, na marubani wengi wa zamani waliofundishwa kwa mkondo ule waliendelea nayo uraiani. Kwa hiyo mkitaka kujua baba aliruka safari ngapi za usiku, hesabuni mistari myekundu.

Mkisoma mtaona na mengine. Herufi za usajili wa ndege zikianza na VP-K hizo ni enzi za mkoloni, baadaye zinageuka 5Y za Kenya, 5H za Tanzania na 5X za Uganda, kwa sababu shirika lilikuwa la nchi zote tatu na ndege ziligawanywa usajili. Embakasi ndiyo Jomo Kenyatta ya leo. Mkikuta 5X-UVA, ile ni jeti ya VC10 iliyoanguka Addis Ababa Aprili 1972, angalieni mara ya mwisho baba kuirusha ilikuwa lini, mama huenda anaikumbuka hiyo wiki. Na mistari ikikatika ghafla mwanzoni mwa 1977 msidhani kurasa zimechanwa, ndipo shirika lilipokufa na kila nchi ikabaki na lake. Angalieni mstari unaofuata, kama upo, ni wa tarehe gani na ndege ya herufi gani.